Kukata kamba katikati na kuirudisha nzima: mwongozo kamili toka Goma

Kwanza niseme vile mtu anayekaa mbele yako anauona huu mchezo. Unashika kamba moja nyeupe, ya karibu mita moja na nusu, unamwita mama mmoja kati ya waliokaa, unamupa makasi, anaikata katikati mbele ya macho ya kila mtu, zinakuwa kamba mbili. Unazifunga fundo. Unazungusha kamba ku mkono, unafungua polepole, fundo haiko tena, kamba ni moja, nzima, unamupa mtoto aivute aichunguze na hakuti kitu. Basi. Hakuna sanduku, hakuna mashine, hakuna mtu amejificha nyuma ya pazia. Ndiyo maana naupenda kupita michezo mingine yote, juu unaweza kuufanya mu parsele, yaani uwanja wa nyumbani, ku harusi, ndani ya boti ya kwenda Bukavu wakati watu wamechoka kukaa.

Siri yenyewe ni ndogo sana, utaielewa leo leo kabla umeme haujakatika. Lakini kuielewa siyo kuufanya. Mimi nimeona vijana wengi wanaujua vizuri na bado unawaharibikia mbele ya watu, na karibu kila mara shida ni moja kati ya mbili: kamba mbaya, ama maneno mabaya. Kwa hiyo nitakaa sana juu ya hayo mawili, usiruke.

Tuanze na maneno, juu hapa kwetu ni jambo kubwa

Miaka ya nyuma, nilipokuwa bado naanza, nilifanya huu mchezo kwenye siku ya kuzaliwa ya mtoto wa shangazi yangu, huku Majengo. Nilikuwa nimevaa nyeusi juu mpaka chini, sauti nimeiweka nzito, nilikuwa na unga mweupe kidogo mu mfuko nikaumwaga ku kamba, nikasema maneno yasiyoeleweka. Nilifikiri ndiyo uzuri wa kazi. Kamba ikarudi nzima, watoto wakapiga kelele ya furaha, ila bibi mmoja jirani alisimama, akamshika mjukuu wake mkono, akatoka bila kuaga. Kesho yake nikaenda nyumbani kwake na ile kamba na makasi, nikamwonyesha polepole kila kitu mpaka akacheka na akataka kujaribu mwenyewe. Lakini ile usiku alilala na wasiwasi, na wasiwasi huo nilimupa mimi. Sijasahau.

Toka siku hiyo nina kanuni na naomba uishike na wewe: kabla kamba haijatoka ku mfuko, sema wazi kwamba huu ni mchezo wa mikono. Usiseme baadaye, sema mbele. Mimi nasema hivi: "Wamama, wapapa, watoto, hii ni kiini macho tu, mikono yangu inakimbia kuliko macho yenu, anayeweza kuikamata aikamate." Hiyo sentensi haiharibu kitu, kinyume chake inawaamsha, kila mtu anataka kuwa yule atakayekukamata. Na unga, majivu, kitambaa chekundu, mifupa, vyote hivyo acha nyumbani. Mahali pengine vinachukuliwa kama mapambo tu, hapa mtu anavisoma vingine kabisa.

Kanuni ya pili ni kali zaidi: usimfanye mtoto wa watu aonekane ndiye mwenye nguvu. Kuna wanaopenda kumwambia mtoto "puliza wewe, una nguvu mu mikono", eti ni kumfurahisha. Usifanye. Sisi wote tunajua watoto ambao wameteswa ama kufukuzwa mu familia juu ya kusingiziwa ulozi, na sheria yetu ya Kongo ya ulinzi wa mtoto, ya tarehe 10 Januari 2009, inaadhibu mtu anayemsingizia mtoto hivyo. Mtoto ashike kamba, avute, ahesabu, akate kama ni mkubwa wa kutosha, lakini kazi ionekane imefanywa na wewe na makasi.

Halafu kuna wataoniuliza kwa nini natoa siri hadharani. Siri hii imetoka zamani. Mwaka 1584, kule Uingereza, mtu mmoja kwa jina Reginald Scot aliandika kitabu ambamo alieleza michezo mingi ya mikono ya wakati ule, na mmoja wao ni huu huu wa kukata uzi katikati na kuurudisha nzima. Na sababu yake ya kuandika inanigusa: wakati ule watu, zaidi wanawake wazee na maskini, walikuwa wanahukumiwa na kuuawa kwa uchawi, yeye akataka kuonyesha kwamba mambo mengi yanayoitwa uchawi ni vidole tu na udanganyifu. Miaka zaidi ya 400 imepita. Kuna na mfano wa upande mwingine: mwaka 1856 serikali ya Ufaransa ilimtuma Robert-Houdin, fundi mkubwa wa kiini macho, kwenda Algeria kuwaonyesha Waarabu wa kule kwamba nguvu za Mfaransa zinapita za mashehe wao, ili watu waogope na watulie chini ya ukoloni. Kazi ileile ya vidole. Mmoja aliitumia kutoa woga, mwingine kuuweka. Mimi niko upande wa Scot, na huu mwongozo wote umeandikwa kutoka upande huo.

Kamba

Hapa ndipo wengi wanaanguka. Mtu anaenda sokoni Birere, anaomba kamba, anapewa ile ya nailoni ya buluu ama ya kijani ya kufungia mizigo, anafurahi kwamba ni rahisi. Hiyo haifai. Nailoni ni ngumu, ina nguvu ya kurudi kama waya, ukiikunja inajikunjua yenyewe, na hapa tunahitaji kipande kidogo kikunjwe kitulie bila kujitokeza. Zaidi ya hapo inateleza, fundo linajifungua lenyewe. Ya katani, ile ya kufungia mbuzi, ina manyoya na inakwangua mikono, fundo haliwezi kuteleza juu yake. Zile kamba za mpira wanazofungia mizigo ku tshukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, na ku pikipiki, hizo usifikirie hata.

Unachotafuta ni kamba ya pamba, nyeupe, iliyosukwa ya mviringo, unene wa milimita 8 mpaka 10, yaani karibu na unene wa kidole kidogo cha mtoto. Wanaouza vitu vya mapazia ama vya kushona huwa nazo, uliza "kamba ya pamba ya kusukwa" na ishike kabla ya kulipa: ikunje katikati uiachie ining'inie, kama pande mbili zinashuka moja kwa moja kama mkia wa ng'ombe, nunua. Kama inabaki imejipinda hewani, rudisha.

Nunua mita kumi kama unaweza, juu kila mara ukifanya mchezo kamba inapungua karibu sentimita 15. Kipande cha mita mbili kinakupa mara tatu ama nne kabla hakijawa kifupi, baadaye unakitumia kwa mazoezi.

Kamba nyingi za kusukwa zina moyo, yaani ndani ya lile ganda kuna nyuzi zimelala moja kwa moja. Toa huo moyo. Kata mita mbili, upande mmoja fungua ganda kidogo kwa vidole, kamata nyuzi za ndani, shika ganda kwa mkono mwingine na uvute polepole, ganda litajikusanya kama mkono wa shati unaopandisha, litelezeshe nyuma, endelea kuvuta mpaka moyo wote utoke. Usivute kwa hasira, ukikwama nyoosha ganda kwanza kisha endelea. Ikishatoka kamba inakuwa laini sana, inalala mu mkono kama kitambaa, na fundo linateleza juu yake bila shida. Hiyo kazi ya dakika kumi inabadilisha kila kitu.

Ncha zinapenda kufumuka. Chovya kila ncha mu gundi nyeupe ya mbao, nusu sentimita tu, acha ikauke usiku mzima. Usichome na moto kama wanavyofanya kwa nailoni, pamba haiyeyuki, inaungua na kubaki nyeusi.

Sasa kama hauna pesa ya kamba, ama hauipati, nitakupa njia ambayo mimi nilijifunzia. Tafuta fulana ya pamba ya zamani, nyeupe, kubwa, bila maandiko, mu mitumba zinajaa. Anza kukata chini, toa pindo, halafu kata mkanda wa upana wa sentimita 3 ama 4 ukizunguka tumbo la fulana bila kusimama, kama mtu anayemenya chungwa bila kukata ganda, mpaka upate urefu wa mita mbili. Shika pande mbili, vuta kwa nguvu kidogo: mkanda utajikunja wenyewe ndani na kuwa kamba ya mviringo, laini kabisa. Haifumuki ukikata, makasi yanaikata bila kelele. Ubaya wake ni mmoja, inavutika, kwa hiyo mbele ya watu usiivute sana. Chagua fulana isiyo na mshono pembeni, juu mshono unaweka uvimbe ku kamba kila baada ya muda na watu wanauona.

Makasi yawe makali. Hili nalisema kwa nguvu: makasi butu yanatafuna kamba badala ya kuikata, yule mama uliyemuita anahangaika, kamba inavutwa huku na huku, na kile ulichoficha chini ya kidole gumba kinatoka nje. Yajaribu ku kamba yenyewe, siyo ku karatasi.

Siri, polepole

Kwa kujifunza tu, weka alama. Funga uzi mwekundu ku ncha moja, uzi wa buluu ku ncha nyingine, na pale katikati kabisa chora mstari na biki, yaani kalamu ya wino. Hizi alama ni za macho yako, siku ya watu utachukua kamba safi.

Simama. Mkono wa kushoto mbele ya kifua, mgongo wa mkono unatazama watu, kiganja kinakutazama wewe. Weka ncha zote mbili zisimame juu, zimebanwa kati ya kidole gumba na ubavu wa kidole cha shahada: nyekundu upande wa kuume, karibu na ncha ya kidole gumba, na buluu upande wa kushoto, kule ndani kwenye shina la kidole. Kati yao acha nafasi ya upana wa kidole. Zitokeze juu kama sentimita 5. Kamba yote inashuka chini kama kitanzi kirefu, na ule mstari wa biki uko chini kabisa.

Kama ungekuwa mtu mkweli, ungeshusha mkono wa kuume, ungechukua ile katikati yenye mstari, ungeipandisha juu na kuibana mu ile nafasi kati ya ncha mbili, ikitokeza kama kitanzi kidogo, na hapo ndipo mtu angekata. Fanya hivyo kweli. Fanya mara kumi, na uangalie mkono wako unavyotembea, unavyopanda haraka namna gani, unapumzika wapi. Huo mwendo wa ukweli ndio utakaoiga.

Sasa mwendo wa uongo. Mkono wa kuume unashuka, kidole gumba na cha shahada vinaingia ndani ya kitanzi kirefu pale chini, ili ile katikati yenye mstari ilale juu ya vidole hivyo viwili kama nguo ku waya. Usiibane, ilale tu. Pandisha mkono mpaka nyuma ya mkono wa kushoto, hapo vidole vyako vya kulia vimefichwa na mgongo wa mkono wa kushoto. Na hapo, vile vidole viwili, vikiwa bado ndani ya kitanzi, vinabana kamba nyingine: ule upande unaoshuka toka ncha nyekundu, chini kidogo tu ya ngumi. Vibane, vivute juu. Ile katikati yenye mstari inateleza yenyewe kutoka ku vidole na kubaki chini, imeshikwa mu kitanzi kipya kama mnyororo, pete ndani ya pete. Kitanzi kipya kinapanda mu ile nafasi kati ya nyekundu na buluu, kinatokeza juu sentimita 5 ama 7, na kidole gumba cha kushoto kinabana chini pale mahali pete mbili zimekutana.

Angalia juu: ncha, kitanzi, ncha. Kila mtu anaapa kwamba kitanzi hicho ni katikati ya kamba. Wewe unajua ni karibu sana na ncha nyekundu, kama sentimita 15 toka mwisho. Mstari wa biki uko chini ya kidole gumba, haujaguswa.

Hii ndiyo siri yote. Kama umesoma mara moja na hujaona, chukua kamba mu mkono usome tena, juu kichwa peke yake hakitaelewa, vidole vitaelewa.

Kata kitanzi pale juu kabisa. Sasa ncha nne zimesimama. Toka kuume kwenda kushoto: nyekundu, mpya ya kwanza, mpya ya pili, buluu. Mbili za kushoto, yaani buluu na jirani yake, ziachie zianguke chini. Zinaanguka na kuning'inia, na mbele ya watu uko na kamba mbili za urefu karibu sawa. Ukweli ni kwamba uko na kamba moja ndefu inayoning'inia pande mbili, na kipande kidogo kimekunjwa juu yake, na mahali vinakutana pamefichwa na kidole gumba. Kama kitanzi kilijizungusha na haujui ya kuachia ni ipi, vuta ncha nyekundu kidogo sana: ile inayotembea pamoja nayo ibaki, nyingine iende.

Mara ya kwanza nilipoona zile mbili zinaanguka, mimi mwenyewe nilirudi kuangalia kama kweli sijakata katikati.

Fundo

Chukua zile ncha fupi mbili zilizobaki juu na uzifunge fundo, ukizungusha kipande kidogo juu ya kamba ndefu. Fundo la kwanza funga ukiwa bado umebana na kidole gumba, likishakaza hakuna tena cha kuficha, unaweza kufungua mkono na kuonyesha watu, inaonekana kabisa kama kamba mbili zimeungwa. Funga na la pili juu yake. Usikaze sana, fundo lisimame lakini liweze kuteleza. Jaribu nyumbani: likivutwa linatembea ku kamba? Vizuri. Linatembea lenyewe kwa uzito wake? Limelegea, kaza.

Shika kamba pande mbili, inyooshe mbele ya watu. Hapa kaa kidogo. Wengi wanakimbia, na hapa ndipo watu wanacheka juu wanafikiri umeshindwa, mmoja atasema "Eh, papa, kufunga fundo hata mimi najua!" Mwache aseme, hata umsubiri aseme. Bila hicho kicheko mwisho hauna nguvu.

Halafu shika mwisho mmoja mu mkono wa kushoto, na mkono wa kuume uanze kuzungusha kamba kuuzunguka ule wa kushoto, kamba ikipita ndani ya ngumi ya kuume. Ukifika ku fundo, ngumi ya kuume inalifunika na kwenda nalo, inaendelea kuzungusha kama hakuna kilichotokea, fundo linateleza ku kamba mpaka linatoka mwishoni na kubaki mu kiganja chako. Usisimame pale fundo lilipo, mwendo uwe mmoja kama mama anayezungusha uzi.

Sasa fundo liko mu mkono wa kuume na lazima liende. Mafundi wa mahali pengine wanaingiza mkono mu mfuko kuchukua unga wa kichawi, nimeshasema kwa nini mimi sitaki. Ninachofanya ni hiki: makasi yako ku meza ama yule mama bado ameyashika, nayachukua kwa mkono uleule wa kuume, nasema "hizi tuziweke mbali, watoto wako hapa", na nayaweka mu mfuko wa koti pamoja na fundo. Ni jambo la akili, kila mzazi anakubali kwa kichwa, na hakuna anayefikiria mfuko tena. Mkono unatoka mtupu, uoneshe mtupu bila kusema "angalieni ni mtupu". Ukisema hivyo ndiyo unawapa wazo.

Fungua kamba polepole, mzunguko kwa mzunguko. Mzunguko wa mwisho uupe mtoto avute.

Kuna mwisho mwingine wa kuondoa fundo, wa kulikata na makasi kidogo kidogo mpaka lianguke. Ni rahisi na unafaa kama hauna mfuko, lakini vipande vinabaki chini, na siku zote kuna mtoto mmoja mwerevu atakayeviokota na kuviunga. Mimi sipendi.

Mazoezi

Wiki mbili, kila siku robo saa, zinatosha kwa mtu wa kawaida. Siku tatu za kwanza usikate kitu, fanya tu ule mwendo wa kuvuta kitanzi halafu uachie, tena na tena, hautapoteza kamba. Changanya: mara moja mwendo wa kweli, mara moja wa uongo. Jirekodi na simu ukiiweka mahali macho ya watu yatakuwa, siyo juu, siyo pembeni, na uangalie kama unaweza kutofautisha. Kama wewe mwenyewe unaona tofauti, bado.

Kosa ambalo utaliona ku video ni macho. Wakati wa kuvuta utakuwa unaangalia mikono yako, kila mtu anayejifunza anafanya hivyo, na jicho linafuata jicho: ukitazama mikono, wote wanatazama mikono. Dawa yake ni swali. Pale mkono wa kuume unapopanda, muulize yule mama kitu cha kweli kinachohitaji jibu, huku unamtazama usoni. Mimi nasema "Mama, makasi unashikaka na mkono gani, wa kuume ama wa kushoto?" Anajibu, wote wanamwangalia yeye, na kazi imekwisha. Usiulize kitu cha kipumbavu, na usiwachekeshe watu kwa kumwaibisha. Mtu uliyemuita mbele ni mgeni wako.

Siku yenyewe

Mu parsele watoto wanakuzunguka kama mduara, hiyo haifai, juu wanaokaa nyuma wataona vidole vyako vyote. Simama mgongo ukiwa umegusa ukuta, ama kona, na uwakalishe wadogo chini mbele, wakubwa nyuma yao. Ukiona mmoja anapita pembeni, zungusha mwili kidogo umfuate, ama umwite aje akushikie kitu mbele.

Vaa shati la rangi moja, la giza, kamba nyeupe ionekane. Kitenge kina maua mengi, kamba inapotea juu yake. Kunja mikono ya shati mpaka kiwiko hata kama huu mchezo hautumii mikono ya shati, juu ni kitu cha kwanza watakachokisingizia.

Kama ni usiku na umeme umekatika, usikubali mtu akumulikie na simu toka chini ama toka nyuma, kivuli cha vidole kitaandika siri yako ku ukuta. Mwanga utoke mbele na juu ya vichwa vya watu. Mchana, kivuli cha mti kinapita jua kali.

Wakati wa kukata, wewe ndiye mlinzi wa vidole. Kitanzi kiwe kimetokeza vya kutosha, mwambie mkataji "kata hapa juu kabisa, mama, polepole", na makasi yaelekee pembeni, yasielekee uso wako wala wa mtoto. Mtoto wa chini ya miaka kumi simpi makasi, namupa kazi ya kuhesabu: "Kamba ngapi hapa?" "Moja!" "Na sasa?" "Mbili!" Hiyo "mbili" ya watoto ishirini kwa sauti moja inamshawishi hata mtu mzima aliyekuwa na mashaka.

Ikiharibika

Itaharibika siku moja. Kipande kidogo kikianguka kabla ya kufunga fundo, usikanyage, usifiche, usikasirike. Kiokote, kioneshe, sema "mmeona, makasi yanakata kweli", weka mfukoni, na uanze upya na kamba iliyobaki, bado ni ndefu. Mara nyingi watu hawaelewi kwamba kuna kitu kiliharibika. Kama fundo limekwama haliteleziki, badilisha mwisho: kata ncha zake kidogo kidogo na makasi mpaka litoke.

Wakikuomba "fanya tena!", na wataomba, usirudie palepale. Mara ya kwanza hawakujua waangalie wapi, mara ya pili wanajua. Fanya kitu kingine, ama waambie siku nyingine.

Na kama kuna mtu amebaki na uso wa woga, mzee ama mtoto, usiende nyumbani kabla haujakaa naye pembeni. Mpe kamba, mwonyeshe kitanzi. Siri ikipotea kwa mtu mmoja si kitu.

Kutunza kamba

Vumbi letu jeusi la lava linaichafua kamba nyeupe mu siku moja tu. Ifue kwa mikono na maji ya uvuguvugu na sabuni ya unga kidogo, usiikamue kwa kuisokota, ikandamize ndani ya taulo, halafu ianike kivulini ikiwa imenyooka. Usiikunje mu mfuko wa suruali wiki nzima, itashika mikunjo. Mimi naitundika ku msumari nyuma ya mlango. Na jioni ileile ya mchezo, kabla koti halijaenda kutundikwa, ingiza mkono mu mfuko utoe lile fundo, juu siku nyingine utaingiza makasi kwa haraka mbele ya watu na mafundo mawili yatatoka pamoja nayo.